Gordon Walters na umbo la koru: mchoraji wa New Zealand aliyeacha swali ambalo halijafungwa

Ng'ambo ya Bahari ya Tasman, katika mji wa Wellington, miaka ya 1950, mtumishi mmoja wa Ofisi ya Uchapaji ya Serikali alikuwa na kazi ya pili ambayo haikuonekana hadharani. Nje ya saa za ofisi alichora. Hakuchora milima wala bandari, kama walivyofanya wachoraji wengi wa nchi yake. Alichora mistari, miraba na duara juu ya vipande vya karatasi ambavyo vingi havikuzidi ukubwa wa ukurasa wa daftari, kisha akaviweka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1966 hakuonyesha kazi zake kwa umma.

Mtu huyo ni Gordon Walters. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa New Zealand wa karne ya 20, na tuzo mojawapo kubwa kabisa ya sanaa nchini humo imepewa jina lake. Lakini jina hilohilo hutajwa pia kila mnapozuka mjadala juu ya jambo linalowagusa watu wengi wanaoishi katikati ya tamaduni mbili: umbo lililorithiwa na jamii moja linapochukuliwa na msanii wa jamii nyingine, ni nani mwenye haki nalo?

Barubaru wa Wellington

Walters alizaliwa Wellington tarehe 24 Septemba 1919. Mwaka 1935, akiwa bado barubaru, alianza masomo ya sanaa katika Chuo cha Ufundi cha Wellington. Mafunzo aliyopata yalilenga sanaa ya biashara, yaani kazi za matangazo na uchapishaji, ambazo humtaka mtu awe na mkono mtulivu, vipimo sahihi na kingo safi. Mafunzo hayo yalimfaa maisha yake yote. Mtu anayetazama michoro yake ya baadaye huona mara moja kwamba aliyeichora aliijua vizuri kazi ya rula na bikari.

Katika zama hizo, sanaa ya New Zealand ilishughulika zaidi na mandhari. Walowezi na vizazi vyao walikuwa wakitafuta kujitambulisha na nchi hiyo, na wengi waliamini kwamba njia ya kufanya hivyo ni kuchora vilima vyake, mwanga wake na mashamba yake. Sanaa ya dhahania, ambayo haiigi kitu chochote kinachoonekana kwa macho, ilikuwa na wapenzi wachache mno.

Mwaka 1941 Walters alikutana na mtu aliyebadili mwelekeo wake. Theo Schoon alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Java, kwa wazazi wa Kiholanzi, akasomea sanaa Rotterdam, na kufika New Zealand mwaka 1939. Kwa kuwa alikulia Indonesia, Schoon alizoea kuona sanaa ya wenyeji ikiheshimiwa kama sanaa kamili. Alishangazwa na jinsi wachoraji wa New Zealand walivyokuwa wakitazama Ulaya tu, ilhali kazi za Wamaori zilikuwa mbele ya macho yao.

Michoro ya miambani

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, Schoon alipewa kazi na serikali ya kunakili michoro ya kale ya Wamaori iliyomo katika miamba ya chokaa ya South Canterbury, katika Kisiwa cha Kusini. Mwaka 1946 Walters alimtembelea huko. Chini ya miamba hiyo iliyoinama kama paa, aliona picha za watu, ndege na mbwa zilizochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, muda mrefu kabla ya Wazungu kufika.

Jambo moja katika michoro hiyo linastahili kukumbukwa. Baadhi ya sanamu za watu na wanyama zimeachwa wazi katikati: mchoraji alipaka rangi pande mbili za mwili, na kuacha ukanda wa jiwe tupu ukipita kati yake kama uti wa mgongo. Sehemu isiyopakwa rangi haikusahauliwa. Ni sehemu ya umbo, sawasawa na ile iliyopakwa. Fundisho hilo, kwamba patupu pana kazi yake, lilikuja kuwa msingi wa kazi yote ya Walters.

Schoon alimfungulia mlango mwingine pia. Alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Auckland, na huko akakusanya michoro ya mgonjwa mmoja aliyechora maumbo sahili ya ajabu. Walters aliyatumia maumbo hayo kama chanzo cha baadhi ya kazi zake. Tangu mwanzo, basi, alikuwa msanii aliyechukua maumbo kutoka mikononi mwa watu ambao jumba la sanaa halikuwa na nafasi kwao. Wanaomsifu na wanaomlaumu wote huanzia hapo.

Australia, London na kurudi nyumbani

Kama Wanyuzilandi wengi wa kizazi chake, Walters alivuka bahari. Aliishi kwa muda hapa Australia, na mwaka 1950 akaenda London. Akiwa Ulaya alifika Ufaransa na Uholanzi, na kuona kwa macho yake kazi ambazo hapo awali alizijua kupitia vitabu na majarida. Aliona michoro ya Mholanzi Piet Mondrian, aliyefariki mwaka 1944, ambaye aliipunguza picha hadi ikabaki mistari minyoofu, rangi nyeupe na nyeusi, na nyekundu, njano na buluu. Aliona pia kazi za wachoraji waliokuwa wakifanya kazi Paris wakati huo, kama Auguste Herbin na Victor Vasarely.

Kutoka Ulaya alirejea Australia mwaka 1951, kisha New Zealand mwaka 1953. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Ofisi ya Uchapaji ya Serikali, na alidumu hapo kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa na ujuzi aliokuja nao kutoka mbali, lakini hapakuwa na soko wala hadhira ya kuupokea. Wengine wangeliacha, au wangelirudi kuchora milima. Walters alichagua kufanya kazi bila kutazamwa.

Namna ya kuitazama karatasi ndogo

Kazi za kipindi hicho nyingi ni za gwashi, aina ya rangi ya maji iliyo nzito na isiyong'aa, ambayo hufunika karatasi kabisa na kuacha uso bapa. Ni rahisi kuzipita katika jumba la sanaa. Jicho lililozoea picha kubwa huona mraba, ukanda na duara, likadhani limeshamaliza.

Mtazamaji akisimama kidogo, mambo hubadilika. Atazame kwanza umbo jeusi, na ajiulize limekaa juu ya nini. Atajibu kwamba limekaa juu ya karatasi nyeupe. Kisha aifuate kingo ya umbo hilo kwa jicho, polepole, mpaka afike mahali ambapo nyeupe inaingia ndani ya nyeusi. Hapo nyeupe huacha kuwa karatasi ikawa umbo, na nyeusi ikarudi nyuma. Akipepesa macho, zimebadilishana tena. Mchoraji amezipima pande mbili kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba hakuna iliyo usuli wa mwenzake.

Udogo wa karatasi ndio unaowezesha jambo hilo. Picha kubwa humlazimisha mtazamaji kugeuza kichwa na kuitazama sehemu kwa sehemu. Karatasi ndogo huingia yote katika jicho kwa mara moja, na kosa dogo kabisa, ukanda uliozidi kidogo au duara lililosogea, huonekana papo hapo. Kwa mchoraji, karatasi ya namna hiyo ni mizani. Walters aliitumia kupima, kufuta, na kupima tena, mwaka baada ya mwaka.

Kutoka jani hadi mstari

Mwaka 1956 aliingiza katika karatasi hizo umbo la koru. Koru ni bua linaloishia kwenye kichwa cha mviringo, na hufananishwa na jani changa la kangaga, mmea wa misituni ambao majani yake huchipua yakiwa yamejikunja na kufunguka taratibu. Kwa Wamaori ni ishara ya uhai mpya na ukuaji.

Makao makuu ya umbo hilo ni nyumba ya mikutano ya ukoo. Nyumba hiyo huhesabiwa kuwa mwili wa mhenga: mhimili wa paa ni uti wake wa mgongo, na mapao ni mbavu zake. Juu ya mapao hayo hupakwa michoro iitwayo kōwhaiwhai, kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambamo koru hujirudia na kutambaa kama mti wenye matawi. Ruwaza hizo zina majina, na zimefungamana na nasaba na kumbukumbu za watu wanaoketi chini yake. Mafundi wa Kimaori walikuwa wameshaijua, kwa vizazi vingi, ile siri ya nyeusi na nyeupe kupokezana nafasi. Walters hakuivumbua. Aliikuta.

Alichofanya ni kuibadili. Katika majaribio yake ya kwanza koru bado ina mkunjo wa jani na mkono wa binadamu unaonekana. Kadiri miaka ilivyopita, bua lilinyooka. Mkunjo ukaondoka. Wekundu ukatoka mara nyingi. Mwishowe ikabaki safu ya kanda za mlalo, nyeusi na nyeupe, zenye upana sawa, na kila ukanda unapokatika huishia kwenye duara kamili linaloingia katika nafasi ya jirani yake. Katika miaka ya 1960 alianza pia kuzipanga kazi zake kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa, ili aweze kuvisogeza kabla ya kugusa rangi.

Safari kutoka jaribio la kwanza hadi mchoro mkubwa uliokamilika ilichukua miaka minane. Mchoro huo aliuita Te Whiti, wa mwaka 1964, na huhesabiwa kuwa wa kwanza katika mfululizo wa koru uliompatia umaarufu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Margaret Orbell, msomi wa fasihi ya Kimaori aliyekuwa mhariri wa Te Ao Hou, jarida lililochapisha maandishi ya Wamaori. Hivyo lugha na hadithi za Wamaori zilikuwa jambo la kila siku nyumbani kwake.

Kutokea hadharani

Mwaka 1966 Walters alionyesha michoro ya koru katika jumba la New Vision mjini Auckland. Alikuwa amevuka umri wa miaka 45. Miaka yote ya kufanya kazi bila hadhira ilionekana katika ukamilifu wa kazi hizo, kwani hazikuwa majaribio ya kijana. Zilikuwa neno lililopimwa kwa muda mrefu kabla ya kutamkwa.

Mingi ya michoro iliyofuata aliipa majina ya Kimaori: Mahuika, jina la mlinzi wa moto katika visasili; Kahukura, jina linalohusishwa na upinde wa mvua; na Makaro, kisiwa kidogo kilichomo katika bandari ya Wellington. Sifa zikaongezeka. Alibuni pia alama ya Tume ya Filamu ya New Zealand, na mwaka 1983 jumba la sanaa la jiji la Auckland likaandaa maonyesho makubwa ya kazi zake za tangu mwanzo.

Koru nayo ikawa imeenea kila mahali. Tangu mwaka 1973 ndege za shirika la Air New Zealand zimebeba koru mkiani, alama ambayo haikutokana na mkono wa Walters. Umbo lililotoka kwenye paa la ukoo likawa alama ya taifa zima, na wengi waliolitumia hawakuona haja ya kuuliza lilikotoka.

Swali linaulizwa

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa miaka ya mwamko kwa Wamaori. Mwaka 1975 liliundwa Baraza la Waitangi la kusikiliza madai yanayotokana na mkataba wa 1840. Mwaka 1984 maonyesho ya Te Maori yalifunguliwa New York, na kazi za wahenga zikatazamwa na dunia kama sanaa ya daraja la juu. Mwaka 1987 Kimaori kikatambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi.

Ilikuwa lazima swali lifike kwa Walters. Mwaka 1986 mwanazuoni wa Kimaori Ngahuia Te Awekotuku alimkosoa vikali kwa kuchukua umbo lisilo lake. Mwaka 1992 hoja hiyo ilisikika hapa Australia, wakati Jumba la Sanaa za Kisasa la Sydney lilipoandaa maonyesho ya sanaa ya New Zealand yaliyoitwa Headlands. Katika kitabu cha maonyesho hayo, mwandishi wa Kimaori Rangihiroa Panoho alieleza kwamba kadiri Walters alivyoinyoosha koru ndivyo alivyoitenga na watu wake, nyumba zao na maana zake.

Uzito wa hoja hiyo si mgumu kuuona. Wakati Walters alipokuwa akisifiwa, walikuwapo wasanii wa Kimaori wa kisasa, kama Arnold Wilson, Paratene Matchitt na Sandy Adsett, waliokuwa nao wakitafuta njia ya kuupeleka urithi wao katika zama mpya. Adsett alifanya kazi kwa kōwhaiwhai yenyewe. Mpakeha, yaani Mnyuzilandi wa asili ya Ulaya, alipochora koru aliitwa mwanasanaa wa kisasa. Mmaori alipoichora, wengi waliiona kuwa mapambo ya jadi.

Walters hakukosa watetezi. Mwaka 1994 mwanahistoria wa sanaa Francis Pound alitoa kitabu kizima juu ya matumizi ya ruwaza za Kimaori katika sanaa ya Wapakeha. Aliona katika michoro hiyo mahali ambapo tamaduni mbili hukutana bila moja kuimeza nyingine. Mwaka huohuo msanii wa Kimaori Michael Parekōwhai alijibu kwa njia yake. Aliuchukua mchoro wa Kahukura wa mwaka 1968, akaufanya sanamu kubwa ya chuma iliyofanana na vile vipande vya kuchezea ambavyo mtoto huvibandua kutoka kwenye fremu yake ili aviunganishe. Akaiita Kiss the Baby Goodbye. Ilikuwa heshima na utani kwa pamoja, na ilikuwa pia namna ya kukirudisha nyumbani kilichochukuliwa.

Urithi wake

Gordon Walters alifariki Christchurch tarehe 5 Novemba 1995, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 2002 jumba la sanaa la Auckland lilianzisha tuzo ya sanaa ya kisasa na kuipa jina lake. Mwaka 2021 tuzo hiyo ilikwenda kwa wanawake watano wa Kimaori: Maureen Lander na wasanii wanne wa kundi la Mata Aho, kwa kazi yao Atapō, iliyoundwa kwa tabaka za wavu mweusi wa kuzuia wadudu. Kundi hilo la Mata Aho lilipata baadaye, mwaka 2024, tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice.

Je, maisha haya yahukumiwe vipi? Miaka ya karatasi ndogo inaonyesha kwamba Walters hakuwa mtu aliyepita njiani akachuma alichokipenda. Alijifunza kwa muda mrefu, akiwa na heshima kwa alichokiona, na hakutafuta faida ya haraka. Ila subira si ruhusa. Mtu anaweza kulipenda umbo maisha yake yote na bado akawa hajawauliza wenyewe.

Michoro yenyewe inalo la kusema juu ya jambo hilo, pengine zaidi ya alivyokusudia aliyeichora. Kanuni yake ni kwamba nyeusi na nyeupe zina uzito mmoja, na kwamba hakuna upande ulioumbwa ili uwe usuli wa mwenzake. Wakosoaji wake wa Kimaori waliitaka kanuni hiyohiyo itoke kwenye karatasi na kuingia katika jumba la sanaa, katika vitabu na katika nchi. Kwa msikilizaji atakayevuka Bahari ya Tasman na kusimama mbele ya mojawapo ya kazi hizo, inafaa kuitazama kwa utulivu mpaka pande zote mbili zijitokeze, kisha kuwatafuta katika kumbi za jirani wasanii wa Kimaori waliolipokea umbo hilo kutoka kwa wahenga wao.